Isibandikwe Ubaoni

Kikatiti,
21 Mei 2024

Kwa Mkurugenzi Simaloi Lesian,
Kampuni ya Utalii ya Lesian, Sekei, Arusha.
Ya kubandikwa ubaoni.

Mkurugenzi, salaam.

Ulisema mwenye neno aandike, barua yake ibandikwe kwenye ubao ulio karibu na jiko la chai, nawe utajibu kwa barua ibandikwe pembeni yake, wote tusome. Nimeendesha magari ya kampuni hii miaka ishirini na sita, mingi ikiwa chini ya marehemu baba yako, nikaona nami nisipitwe. Wenzangu wameandika kuhusu choo na sukari. Mimi naandika kuhusu Frederick.

Jumatatu ile ya mwisho wa Aprili, kwenye chai ya wazi, ile uliyoianzisha ili kila mtu aseme makosa yake mbele ya wote, Frederick alisimama akasema alisinzia kwenye usukani akitoka Karatu, gari likaingia kwenye nyasi, ndipo akazinduka. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, nani angejua? Ulimshukuru mbele yetu sote, tukapiga makofi mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata akapewa ndoo na kitambaa. Tangu hapo anaosha magari.

Sisemi umekosea. Ila vijana wananiuliza, "Mzee, ile ilikuwa shukrani au adhabu?" Jumatatu iliyopita walisimama watu tisa kukiri makosa. Mmoja alichelewa dakika tano. Mwingine alisahau kuzima redio ya gari. Nikajisemea, kumbe tumekuwa watakatifu, bado mabawa tu.

Enzi za baba yako mambo mazito tuliyasema wawili, tumeegemea tairi, kila mtu anaangalia mlima. Mtu mzima akimaliza kusema, alikuwa bado ni mtu mzima. Hilo tu ndilo nililotaka kukukumbusha.

Nisamehe mwandiko mkubwa. Kalamu ni nene.

Dismasi Sumari,
Dereva.


Sekei,
23 Mei 2024

Mzee Sumari, shikamoo.

Asante kwa kuandika. Hata askari wa getini ameisoma barua yako bila kusogea kwenye kiti chake, kwa hiyo kalamu nene ina faida.

Nijibu la Frederick. Hakuadhibiwa. Mtu aliyesinzia hawezi kupewa wageni siku ya pili yake, na wewe ungekuwa mimi usingempa. Atarudi barabarani wakati ukifika.

Sasa la tairi. Baba aliposikilizia mambo pembeni, wengine walipata faraja, nakubali. Lakini baada ya kumzika alikuja mama mmoja hapa ofisini, alikuwa mpishi wetu miaka kumi. Alifukuzwa kwa neno ambalo mtu alimwambia Baba kwenye tairi. Neno lilikuwa la uongo, na yeye hakuambiwa hata amekosa nini. Alikuwa amekuja kuniuliza mimi. Nikalia naye. Siku hiyo niliapa kwamba katika kampuni hii hakuna neno litakalopita pembeni. Kila kitu mezani au ubaoni, kuanzia kwangu.

Najua ni vigumu kwa watu tuliolelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Tutazoea.

Simaloi Lesian,
Mkurugenzi.


Sekei,
11 Juni 2024

Mzee Sumari, shikamoo.

Jana Susana wa jikoni aliniletea bahasha yako. Juu imeandikwa: "Ya Simaloi peke yake. Isibandikwe ubaoni." Sijaifungua.

Usinielewe vibaya. Wiki iliyopita nilirudisha bahasha mbili za namna hiyo, na najua zilikuwa za kusengenya wenzao, maana wenyewe walikuja kunung'unika. Leo nikifungua ya kwako kwa sababu tu wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha gari, wale nitawaambia nini? Kama ni habari za Frederick, nimekwisha kuzijibu.

Nimempa Susana akurudishie. Ukifuta hayo maneno ya juu nitaisoma siku hiyo hiyo. Au njoo Jumatatu useme mwenyewe, chai ipo. Nakuheshimu sana, ndiyo maana nakutendea sawa na wengine.

Simaloi.


Sekei,
22 Julai 2024

Mzee Sumari, shikamoo, na pole.

Leo ni siku ya ishirini tangu ajali. Nimekuja hospitali mara tatu, na mara zote ulinigeuzia mgongo ukaangalia ukuta. Nikasikia umerudishwa nyumbani Kikatiti, mguu ukiwa bado kwenye plasta. Sikutaka kukufuata tena na kukusumbua, kwa hiyo naandika.

Tulimzika Susana kwao, kijijini Maji ya Chai, nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye migomba. Kampuni nzima tulikuwepo. Wapishi wenzake walivaa aproni zao, hakuna aliyewaambia. Mama yake alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Simaloi, ilikuwaje?" Nikamwambia sijui. Kwa kweli sijui. Wageni watatu walitoka na michubuko, wamekwisha kurudi kwao. Wanasema kulikuwa kweupe, saa nne asubuhi, mmekwisha kuacha lami mkielekea Momela. Wanasema kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, kubwa, linaonekana toka mbali, na wewe hukukanyaga breki. Polisi nao wamepima macho yako wakachukua leseni. Mpelelezi aliniuliza kama nilikuwa najua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee wangu, kwa nini hukusema? Kila Jumatatu tulikuwa pale. Nani angekucheka? Na ile bahasha niliyoirudisha imekuwa inanijia kichwani. Ilikuwa na nini? Niambie ukweli, hata kama unauma.

Simaloi.


Kikatiti,
30 Julai 2024

Mwanangu Simaloi,

Anayeandika ni binti yangu Nancy. Mimi natamka, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze chumvi.

Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, yapata mwaka na nusu sasa. Hili la kulia ndilo lililotangulia. Nilijua. Sikumwambia mtu. Nilifikiri barabara naifahamu hata nikiwa nimefumba, na ni kweli naifahamu, ila ng'ombe hawakai mahali pamoja.

Asubuhi ile mgeni mmoja aliomba kukaa mbele apige picha za mlima. Susana kwa kawaida ndiye hukaa mbele. Akanitazama. Nikamwambia mpishe mgeni, wageni ndio wanaotuweka mjini. Akahamia nyuma na vyungu vyake. Tulipofika pale, vumbi lilikuwa limewaka jua, mbele yangu palikuwa na weupe mtupu. Nilimsikia akiita kutoka nyuma, "Mzee, ng'ombe! Mzee!" Nikakata kulia, kalavati likatupokea.

(Hapa Baba ameniomba maji. Nimesubiri.)

Bahasha ile ilikuwa ya kuomba likizo ya kuchuma kahawa. Niliichoma jikoni. Usiifikirie.

Kosa ni langu peke yangu. Waambie hivyo wote, mwambie na mama yake Susana. Barua hii unaweza kuibandika.

Dismasi Sumari.


Sekei,
5 Agosti 2024

Mzee Sumari, shikamoo.

Nimeibandika. Leo kwenye chai nimeisoma kwa sauti, wengine wametoka nje kabla sijamaliza.

Nitakuwa muwazi kwako kama ninavyowataka wote wawe. Nina hasira na wewe. Ulikunywa chai na sisi kila Jumatatu ukamsikiliza Frederick, mtoto uliyemfundisha kazi, akisema kosa lake kiume. Wewe ukanyamaza na kupeleka watu milimani huku huoni. Nimewaambia wenzako hivi: mlango ulikuwa wazi, Mzee Sumari ndiye hakuingia. Nimemwambia hivyo na mama yake Susana, kwa sababu aliniuliza, na kwa sababu ulitaka nimwambie.

Ajira yako imekoma tarehe mbili Julai. Nimetia saini mwenyewe. Ni wewe uliyenishikisha usukani kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne, ukasema, "Angalia mbali, usiangalie boneti." Sijui nifanye nini na kumbukumbu hiyo.

Simaloi.


Kikatiti,
12 Agosti 2024

Dada Simaloi,

Hii naandika mwenyewe, Nancy. Baba amelala, na hajui.

Tarehe thelathini Baba alikudanganya kwa mkono wangu, nami nikaandika kwa sababu ni baba yangu. Bahasha hakuichoma. Imo ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, imefungwa vilevile ulivyoirudisha. Wala haikuwa ya likizo. Likizo ya kahawa huwa anaomba kwa mdomo, tangu enzi za baba yako, wewe unajua.

Uliutazama vizuri mwandiko wa juu ya ile bahasha? Si wa Baba. Ni wa Susana. Jumapili ile, tarehe tisa Juni, alikuja na Baba hapa nyumbani kutoka ibadani. Nikawachemshia chai, kisha Baba akaniambia nitoke nikalishe kuku, na kuku walikuwa wamekwisha kula. Nikiwa nje nilimsikia Baba akitamka na Susana akiandika. Waliandika saa nzima. Susana alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu. Akaniambia, "Afadhali, Nancy. Kesho nampelekea mimi mwenyewe."

Jumanne jioni akairudisha. Akasoma na kile kikaratasi chako, pale mlangoni. Baba alisema tu, "Haya, basi." Hakula siku hiyo.

Sijui ndani mna nini, sijaifungua, si yangu. Ila ninajua kwamba Jumapili iliyopita mama yake Susana alihama benchi kanisani alipoona tumekaa. Watu wa ukoo waliokuwa wakija kwa Baba kumletea mashauri yao, maana yeye ni mshili wao, siku hizi wanapita njia ya chini. Umewaambia mlango ulikuwa wazi. Dada, sina elimu kama yako, lakini mlango huo aligonga.

Nancy Dismasi.


Sekei,
14 Agosti 2024

Baba Nancy, shikamoo.

Nancy ameniandikia. Usimgombeze.

Naomba ile bahasha. Siombi kama mkurugenzi. Yale maneno ya juu yaache yalivyo.

Simaloi.


Kikatiti,
19 Agosti 2024

Mwanangu,

Nancy nimemgombeza kidogo, kisha nikamwambia aandike hii.

Nilitaka kukufichia. Mimi nimebakiza miaka ya kuhesabika, na itapita nikiwa nimekaa. Wewe una watu arobaini wanaokusubiri kila Jumatatu. Nikasema, heri nibebe mimi kosa lote, kwa kuwa nusu ni langu kwa haki kabisa. Ningeweza kufuta yale maneno ya juu. Ningeweza kukupa funguo za gari nikakaa chini barazani, ukasema nimegoma. Sikufanya. Asubuhi ile ningeweza kumwambia mgeni hapana. Usijitwike yangu.

Ndani ya wiki tatu zile baada ya bahasha kurudi, Susana aliniambia kila siku, "Mzee, twende Jumatatu, nitasimama na wewe." Nikamwambia Jumatatu ijayo. Hiyo ndiyo inayoniamsha.

Bahasha hii hapa. Ukishaisoma, kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote mpelekee mama yake Susana. Ni mwandiko wa mwanawe, na sidhani kama amebaki na mwingine mrefu kiasi hicho. Akikubali, ibandike. Mimi sina tena cha kuficha.

Sumari.


Sekei,
26 Agosti 2024

Kwa wafanyakazi wote.
Ya kubandikwa ubaoni.

Ndugu zangu,

Leo hakutakuwa na chai ya wazi. Naandika hii kwa sababu nikisimama kusema nitashindwa kumaliza.

Tarehe tano mwezi huu niliwaambia kwamba mlango ulikuwa wazi na Mzee Sumari hakuingia. Nilisema uongo, ingawa sikujua. Alileta barua tarehe kumi Juni, nami nikairudisha bila kuifungua, kwa sababu nilijali zaidi kanuni yangu ionekane haina upendeleo. Niliwataka mseme yote, lakini nikawachagulia na mahali pa kusemea. Frederick alisema, nikamwonyesha kila mmoja wenu yanayompata anayesema. Wiki iliyopita nilimwomba arudi barabarani. Amekataa, kwa adabu. Amesema ameanza kuzoea ndoo.

Jumamosi niliipeleka barua Maji ya Chai. Mama yake Susana aliisoma mara mbili, akaipitisha kidole kila mstari, akaniomba nimtolee nakala. Alisema, "Bandika. Watu wamjue mwanangu." Hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Jana kanisani alikaa benchi moja na Nancy.

Barua yenyewe iko hapa chini. Nimebandika na kile kikaratasi changu cha tarehe kumi na moja Juni pembeni yake. Mwenye neno la kuniambia aniambie popote anapotaka, hata kwenye tairi.

Simaloi Lesian.


Kikatiti,
9 Juni 2024

Ya Simaloi peke yake. Isibandikwe ubaoni.

Simaloi mwanangu,

Anayeandika ni Susana, mpishi wetu, kwa sababu mimi siwezi tena kuuona mstari. Ile ya mwezi wa tano niliandika mwenyewe, na si kalamu iliyokuwa nene.

Macho yangu yana ukungu, yote mawili. Mwaka jana tulipopimwa macho nilikaa nyuma ya kijana aliyenitangulia, nikakariri herufi alizozitaja mpaka mstari wa chini. Nilifurahi kama mwanafunzi. Sasa naona aibu kukuambia.

Susana aligundua Februari, nilipompita mama yake barabarani akinipungia mkono nami nisimwitikie. Hakunisema kwa mtu. Tangu siku hiyo hukaa kiti cha mbele akanisomea barabara. "Shimo kushoto. Baiskeli. Mama na mtoto, wanavuka." Anasema polepole huku anacheka, wageni wanadhani tunapiga soga. Mwanangu, tangu Februari magari yako yanaendeshwa na watu wawili.

Kila siku ananiambia niseme. Kila Jumatatu naingia nikiwa nimekusudia, namwona Frederick na ndoo yake, nakaa. Si ndoo inayonitisha. Pale mezani hakuna dereva ambaye sikumfundisha mimi. Na nyumbani mimi ni mshili, watu huja niwaamulie mambo yao kwa sababu wanaamini naona. Nikisimama mbele yao wote kwa siku moja niseme sioni, nitakaa wapi baada ya hapo? Labda kwako ni jambo dogo. Kwangu ni zito, sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivi.

Siombi unifichie milele. Naomba uniondoe kwenye usukani wiki hii, kabla wageni wa Julai hawajaanza kumiminika. Useme umeamua niwafundishe madereva wapya. Nipe mwezi mmoja nizoee kukaa chini, kisha nitasimama mwenyewe kwenye hiyo chai yako niseme yote, na makofi nitayapokea.

Wala usimlaumu Susana kwa kunyamaza. Sentensi hiyo amekataa kuiandika, nimemlazimisha.

Ningependa tungeyasema haya tumeegemea tairi, lakini najua hupendi. Ukinijibu, bahasha mpe Susana. Yeye ndiye atakayenisomea.

Dismasi Sumari.